Mlango wa Kubandikia Tangazo

Wewe unayesoma, sema kweli: ni mara ngapi umepita mbele ya jumba lililotelekezwa, milango imeng'olewa, madirisha yamebaki mashimo matupu, ukageuza shingo na kujiambia kwamba halikuhusu?

Cheche alipita hivyo miaka sita, tena mara nne kwa siku, maana karakana yake ilitazamana na jumba lenyewe. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa miaka arobaini na ushee, mikono yake imejaa madoa ya kuungua mpaka kwenye viwiko. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mama yake peke yake, na hata huko lilikuwa limeanza kuponyoka.

Jumba lilikuwa la ghorofa tatu. Zamani lilikuwa ofisi za kampuni ya usafirishaji. Kampuni ilipokufa, mwenye jumba alifunga mlango, akaondoka na ufunguo, na tangu siku hiyo hakuna aliyemtia machoni. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu bwana hakuwepo, lakini lake lilikuwepo, ghorofa tatu nzima, na lilikuwa linanuka. Yalianza kuondoka mabomba. Zikafuata nyaya, vioo, fremu za madirisha, na vyuma vya kushikilia kwenye ngazi. Mwisho ukaondoka mlango mkuu, ule wa chuma, mkubwa, wenye rangi ya kijani. Ndani, sakafuni, palibaki shimo la tangi la maji lisilo na mfuniko. Fundi bomba mmoja aliyeingia kujikinga mvua alitolewa humo mguu ukiwa umevunjika mara mbili, na bado watu wakasema, "Alikuwa anatafuta nini kule?"

Ndivyo tulivyo. Jumba likimvunja mtu mguu, tunamuuliza mwenye mguu.

Cheche naye angeendelea kugeuza shingo kama si mama yake. Bi mkubwa huyo alikuwa mpiga chapa katika jumba lile miaka ishirini na sita, ghorofa ya pili, meza ya kwanza kushoto. Kwa vidole vyake kumi alimlisha Cheche, akamvisha, akamsomesha mpaka chuo cha ufundi. Sasa akili ilikuwa imeanza kumwacha njiani. Chakula cha jana hakukumbuka, jina la mjukuu hakukumbuka, lakini saa ya kwenda kazini hakuikosea hata kwa dakika. Saa moja na nusu asubuhi alikuwa ameshachana nywele, ameng'arisha viatu, mkoba mweusi uko kwapani, anavuka barabara kwenda kazini.

Siku ya kwanza Cheche alimkuta huko juu, ghorofa ya pili. Mama alikuwa amekaa juu ya tofali mahali palipokuwa na dirisha, na pale palipokuwa na dirisha palikuwa na anga tupu. Hatua moja mbele ya viatu vyake vilivyong'arishwa sakafu iliisha. Yeye alikuwa anapiga chapa magotini.

"Mama," Cheche aliita kwa sauti ya chini, asije akamshtua. "Njoo huku."

"Punguza sauti, kijana. Nina barua tatu za kumaliza kabla ya saa nne."

Tangu hapo hakuna asubuhi iliyopita salama. Walijaribu kumfungia mlango nyumbani. Alilia kama mtoto, akaupiga mlango kwa viganja, "Nifungulieni, nitafukuzwa kazi!" Mke wa Cheche, fundi cherehani aliyeshonea chumba cha mbele cha nyumba yao, alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akafungua.

"Mama mkwe wangu si kuku," alimwambia mumewe. "Kama kuna kitu cha kufungwa, kafunge kile kidudu ng'ambo ya barabara."

Maneno yale yalimwingia Cheche kama kijiti cha moto. Kwa kweli, kwa nini afungiwe mtu, na jumba liachwe wazi? Akaenda kuziba pale mlangoni kwa mabati. Yakakaa siku nne, yakaibiwa. Akaziba tena. Safari hii yakakaa siku mbili.

Ndipo sheria ikaja. Manispaa ilitangaza kwamba kila jengo lililoachwa lazima lizibwe milango na madirisha yote ya chini, liwekewe uzio na taa, na kibao chenye jina na simu ya mwenyewe. Mwenyewe akipewa tangazo na siku kumi na nne zikapita bila yeye kutenda, manispaa itaziba yenyewe kwa gharama yake. Cheche aliisikia redioni, akazima mashine, akatoka nje akipiga makofi peke yake. Jirani yake Soli, fundi viatu mwenye kibanda ubavuni mwa karakana, akamuuliza kama amerogwa au ameshinda bahati nasibu.

"Nimeshinda, Soli! Jumba linafungwa!"

"Nani kasema?"

"Sheria."

"Ahaa," akasema Soli, akirudisha sindano kwenye kiatu. "Nilidhani umesema mtu."

Aliyetumwa na sheria alikuwa mwanamke kijana wa idara ya majengo. Mtaa ulimpa jina Bi Rula kabla hajamaliza kuvuka barabara, kwa jinsi alivyonyooka. Alikuja mara ya kwanza, akatazama, akaandika, akaondoka. Akaja mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu, saa tatu asubuhi, Cheche alikuwa ametoka tu kumshusha mama yake ghorofani. Akamfuata Bi Rula huku jasho linamtoka.

"Dada, samahani. Mbona hubandiki hilo tangazo?"

Bi Rula alimtazama, akaitazama karatasi, akafungua faili. "Fundi, sheria inasema tangazo apewe mwenyewe mkononi. Asipopatikana, libandikwe kwenye mlango mkuu wa jengo. Mwenyewe hapatikani. Na mlango mkuu, nionyeshe uko wapi."

Cheche alitazama lile shimo. "Umeibiwa."

"Basi mimi ninaandika, mlango mkuu haupo, tangazo halikubandikwa. Kama nilivyoandika mara mbili zilizopita."

"Yaani," Soli akadakia kutoka kibandani, "jumba haliwezi kuwekewa mlango kwa sababu halina mlango?"

"Kwa nini usibandike ukutani?" Cheche aliuliza. "Ukuta si upo? Ukuta hawajauiba!"

"Mwaka jana tulibandika ukutani, mtaa mwingine. Mwenye nyumba akaenda mahakamani, akasema sheria inataja mlango. Hakimu akakubali. Tukaamriwa kung'oa mbao zote tulizopigilia." Sauti yake ilishuka kidogo. "Unafikiri napenda? Leo ni mara ya tatu. Ikishindikana mara tatu faili linarudi masjala, na haliruhusiwi kutoka mpaka mwakani."

Mpaka mwakani! Cheche alihesabu asubuhi zilizobaki. Kila asubuhi aliiona na viatu viwili vilivyong'arishwa kando ya anga.

"Dada, kazi yako leo inaisha saa ngapi?"

"Nina majengo matano mtaa wa nyuma. Saa kumi na nusu nasaini na kuondoka."

"Utapita hapa?"

"Njia yangu ni hii."

"Basi ukipita, utakuta mlango."

Bi Rula alifunga faili. "Mimi sijasikia hilo," akasema, akaenda zake, amenyooka vilevile.

Cheche alirudi karakana karibu anakimbia. Vipimo vya mlango ule alivijua bila futi: mita mbili na robo kwenda juu, mita moja na nusu kwa upana. Alivijua kwa sababu ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Miaka mitano nyuma, wanunuzi wa vyuma chakavu walimletea mlango wa kijani juu ya mkokoteni. Hakuuliza umetoka wapi. Angeuliza nini, na jumba lilikuwa linamtazama? Akaukata katikati. Bamba lake zito likawa kifuniko cha mbele cha kibanda cha Soli. Nondo zake zikawa wavu wa dirisha la mkewe, pale anaposhonea. Mtaa mzima ulijikinga na wezi kwa vyuma vilivyoibwa kwenye jumba, na yeye ndiye aliyevichomelea.

Stoo alikuwa na bomba za pembe nne za kutosha fremu tu. Vya kujazia havikuwepo. Akasimama mbele ya Soli.

"Nipe kifuniko cha kibanda."

"Unanitania."

"Nitakutengenezea kingine wiki hii. Soli, leo ni siku ya mwisho."

Soli alimtazama usoni, akaona hakuna mzaha. "Na viatu vya watu nitavilinda na nini? Nibweke?"

"Lala navyo."

"Mke wangu atafikiri nimeoa wa pili, tena mwenye miguu arobaini." Lakini alikuwa ameshaanza kutoa kufuli.

Kwa mkewe kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana Cheche alifika na grinda mkononi.

"Unaning'olea dirisha?" mkewe aliuliza, mdomo umejaa pini.

"Nondo zake nazihitaji kwa mlango wa jumba."

"Cherehani yangu ikiibiwa?"

"Nitakununulia..."

"Usiniahidi kitu, mume wangu. Ng'oa." Akazitema pini kiganjani, akainuka, akamshika mama mkwe wake mkono. Bi mkubwa alikuwa tayari ameuchukua mkoba wake mara ya pili siku hiyo. "Mama, njoo unishikie kitambaa. Nawe, mume wangu, ng'oa haraka kabla sijabadili mawazo!"

Basi kazi ikaanza, na kazi gani! Grinda ililia, cheche zikaruka mpaka barabarani, moshi wa buluu ukapanda. Wateja waliokuja kuchukua mageti yao walipokewa kwa kupewa upande wa kushika. Kinyozi wa jirani aliacha kichwa cha mtu nusu akaja kushika kona, na mwenye kichwa naye akaja, nusu ana nywele, nusu hana, akashika kona nyingine. Soli alijiteua msimamizi na kuanza kupiga kelele za saa: "Saa sita! Saa sita na nusu! Jamani, hata mkate unaiva haraka kuliko hivi!" Cheche hakula wala hakunywa. Alipima, akachomelea, akagonga ukoko wa mshono, akapima tena. Saa nane bawaba tatu zilikuwa zimeshika. Saa nane na nusu bamba lilikuwa mahali pake. Zilibaki nondo sita.

Saa tisa kasorobo umeme ukakatika.

Mashine ilinyamaza. Kinyozi akasema neno ambalo haliandikiki.

"Utarudi," mtu akasema.

"Jana ulirudi usiku," akajibu mwingine.

Cheche alivua miwani nyeusi. Alizitazama nondo sita chini kama mtu anayetazama jamaa zake waliokataa kuinuka. Kisha akapiga kelele, "Bolti! Nani ana bolti?" Na yeye mwenyewe akaingia stoo, akatoka na keke, ile ya kutoboa kwa kuzungusha mkono, ambayo mwalimu wake wa chuo alimpa na ambayo watu wote waliicheka kuwa ya zama za babu. Akaiegemea kwa kifua. Chuma kilikuwa kigumu. Alizungusha mpaka akachoka, akampa kinyozi, kinyozi akampa mwenye nusu kichwa, naye akampa Soli. Tundu la kwanza, dakika kumi na mbili. La pili, tisa. Watu walileta bolti kutoka kila mahali: za vitanda, za baiskeli, za beseni la kunawia. Moja ilitolewa kwenye kiti ambacho mwenyewe alikuwa bado amekikalia.

"Saa kumi!" Soli alilia. "Saa kumi, na mlango uko chini umelala kama tajiri!"

"Ubebeni!"

Watu wanane waliubeba kuvuka barabara. Magari yalisimama. Dereva mmoja alipiga honi, akaambiwa ashuke asaidie, akashuka kweli. Fremu ikasukumwa kwenye lile shimo la ukuta, ikakataa, ikapigwa nyundo, ikaingia kwa mlio ambao Cheche aliusikia mpaka kwenye meno. Bolti nne za ukutani zikakazwa. Mlango ukafungwa. Ukafunguliwa. Ukafungwa tena. Watu walishangilia kana kwamba hawajawahi kuona mlango ukifungwa maishani mwao, na kwa jumba lile, kwa miaka mitano, hilo lilikuwa kweli.

Bi Rula alitokea kona saa kumi na dakika ishirini. Alisimama mbele ya mlango, akaugonga kwa kidole, akautazama juu mpaka chini.

"Huu mlango ni wa nani?"

"Wa jumba!" Soli akajibu kabla ya wote. "Si unauona umeshikamana nalo?"

"Hata mimi nikiegemea ukuta siwi wa jumba. Ninauliza tena. Nikibandika tangazo la mtu kwenye mlango wa fundi, hakimu atanicheka. Huu ni mlango mkuu wa jengo hili, au ni mlango wa fundi Cheche?"

Cheche angeweza kunyamaza. Faili lingerudi masjala, na siri yake ingekaa alipoificha. Akamtazama mkewe aliyekuwa amesimama ng'ambo ya barabara, amemshika bi mkubwa mkono.

"Ni wa jumba," akasema. "Chuma chake ni kilekile. Uliletwa kwangu na watu wa vyuma chakavu miaka mitano iliyopita, nikaununua, nikaukata. Bamba nikamfungia Soli. Nondo nikaweka dirishani kwangu. Nilijua umetoka wapi. Sikuuliza kwa sababu nilijua."

Watu walitazama chini. Wengi walikuwa na nondo za jumba madirishani mwao.

Bi Rula alichukua ufunguo wake, akakwangua bamba. Rangi nyeupe ilitoka, ikatoka nyekundu, na chini kabisa ikaonekana kijani.

"Unajua mwenyewe akitaka kukushtaki, maneno haya nitakuwa nimeyaandika?"

"Andika."

Aliandika. Kalamu yake ilikwenda polepole, mstari baada ya mstari, na mtaa mzima ulisubiri. Kisha akafunga faili, akatoa gundi mkobani, akabandika tangazo katikati ya bamba, akalisawazisha kwa kiganja mara tatu. Alipogeuka, wote waliona kwamba anacheka.

"Siku kumi na nne zinaanza leo," akasema. "Kununua mali ya wizi si kazi ya idara yangu. Idara yangu ni majengo." Akatoa kufuli la manispaa, akalifunga, akaweka ufunguo mfukoni. Kinyozi alimwinua Soli juu, mwenye nusu kichwa akaanza kucheza katikati ya barabara, na umeme, kwa ufedhuli wake, ukarudi.

Kesho yake asubuhi, saa moja na nusu, Cheche alisimama mlangoni mwa karakana. Mama yake alivuka barabara, mkoba kwapani, hakutazama kushoto wala kulia. Cheche hakumzuia. Alimfuata kwa nyuma, hatua kumi. Kama asingekubali kurudi, kama angeupiga mlango kwa viganja na kulia kama alivyolia nyumbani, hakujua angefanya nini.

Bi mkubwa alifika, akasimama. Aligusa kufuli. Kisha akatoa miwani mkobani, akaivaa, akasoma tangazo lote toka juu mpaka chini, kidole chake kikifuata mistari.

"Nani kapiga chapa hii?" aliuliza hewani. "Pambizo haijanyooka." Akasogeza uso karibu. "Lakini muhuri upo."

Hapo gari jeupe lilisimama kwa breki kali. Nani alimpigia simu yule bwana mwenye jumba, haijulikani mpaka leo. Barua za manispaa hazikumpata, simu zake hazikushikwa, miaka sita alikuwa hajulikani aliko. Mlango mmoja ulimleta kwa usiku mmoja. Alishuka akiwa amefura.

"Nani kaweka mlango kwenye jumba langu? Nani? Nataka nimjue sasa hivi!"

Cheche alipiga hatua mbele. "Ni..."

"Baba, usipige kelele ofisini," bi mkubwa alimkatiza yule bwana. Alimtazama juu ya miwani yake, akanyoosha kidole kwenye tangazo. "Soma kwanza. Umeandikwa wewe?"

Yule bwana alitazama karatasi. Alikutana na jina lake, herufi kubwa, mstari wa pili. Sauti ikampungua.

"Ndiyo... ni mimi."

"Basi unatakiwa uzibe madirisha. Siku kumi na nne. Ufunguo uko manispaa, nenda kauombe." Akavua miwani, akaikunja, akairudisha mkobani na kuufunga. Kisha akageuka, akamwona Cheche amesimama pale na mdomo wazi.

"Kijana," akamwambia, "leo hawafungui. Nisindikize nyumbani."

Akampa mkono. Cheche akaushika, wakavuka barabara pamoja, polepole, na nyuma yao yule bwana alikuwa bado anasoma.